Volti Sifuri

Asubuhi ile ya Februari Škoda ya Vratislav,
kuukuu kuliko ndoa yake,
iligoma kuwaka mbele ya lango la maabara.
Tukaisukuma, watu wanne, glavu za sufi,
Bohdana amevaa viatu vya bintiye
kwa kuwa vyake vilikuwa juu ya hita, vinakauka.
Tulisukuma mpaka mteremko ulipokoma.
Gari likakohoa mara moja, likanyamaza,
nasi tukabaki tunafuka midomoni kama birika nne.

"Mteremko umekwisha," akasema Vratislav,
kana kwamba sisi hatukuona.

Ndani, ugonjwa ulikuwa ule ule.
Tokamaki yetu ni ndogo, pete ya chuma
ambayo watu wawili wakiikumbatia hushikana vidole.
Transfoma huisukuma gesi, gesi hupasuka ikawa moto,
moto huzunguka ndani ya ugo wa sumaku,
na mkondo wake ndio kamba inayoufunga
usije ukalamba ukuta.
Lakini transfoma nayo ina mteremko wake.
Ukikoma, mkondo hufa, moto hutawanyika,
na daftarini huandikwa: milisekunde ishirini na tano.
Ukope ukifumba na kufumbua hutumia zaidi.

Kwa hiyo tulijenga mdomo.
Mabomba matatu bapa ya shaba, yamebanana,
nimeyaunga kwa fedha mimi, Jarmila wa karakana,
Novemba nzima, macho yakiniwasha,
ili mawimbi ya redio yaingie kwa zamu,
kila bomba likichelewa kidogo nyuma ya mwenzake,
na wimbi liegemee upande mmoja.
Wimbi lililosimama wima halimsukumi mtu.

"Halihangaiki na elektroni goigoi," Bohdana alinieleza,
mkate wa mafuta mkononi.
"Linazitafuta zile zinazokimbia karibu na mwendo wake,
linazitia kiganja mgongoni."
Na hizo goigoi?
"Hizo husimuliwa."

Tangu Desemba tulikuwa tunashindwa.
Cheche mdomoni. Klaistroni ya kuazima ikizirai.
Gesi ikizidi kidogo tu, wimbi hugeuka mlangoni
kama barua iliyokosewa anwani.
Bwana mmoja wa wizara, kofia mapajani,
aliuliza moto wetu unaweza kuchemsha sufuria ngapi.
Vratislav hajui kudanganya.
"Hata moja," akajibu.

Pigo la elfu tatu mia moja na kumi na nane,
saa mbili kasoro usiku.
Ctibor alipunguza gesi kwa upana wa ukucha.
Kwenye kioo, mistari miwili ya kijani:
juu mkondo, chini volti, yaani mkono wa transfoma.
Wimbi likaingia.
Mstari wa chini ukaanza kushuka.
Nikajua basi, tumekwisha, nikatafuta koti langu.
Ukashuka, ukashuka,
ukalala juu ya sifuri kama paka juu ya zulia.
Na ule wa juu haukutikisika.

Ampea elfu kumi na mbili, zinazunguka,
hakuna mkono wa transfoma uliozigusa,
zimebebwa na mawimbi
yaliyopita katika shaba yangu.

Hakuna aliyeshangilia.
Kigunduzi cha eksirei kiliropoka peke yake pembeni.
Ctibor alichomoa picha, Bohdana akaipepea ikauke,
Vratislav akaomba rula.
Akapima sifuri.
Akageuza rula, akapima tena.
Milisekunde tisa, alisema, halafu akaketi
kwenye ndoo, si kwenye kiti.

Shuleni nilipata sifuri nyingi,
za hesabu hasa, kwa wino mwekundu.
Mama alizificha ndani ya kabati la vikombe.
Hii ningemwonyesha.

Tulipotoka, gari lilikuwa bado kule bondeni,
limevishwa theluji mpaka madirisha.
Tulilipita kimya, tukapanda tramu.
Bohdana alisinzia kabla ya mto,
picha ndani ya glavu,
na viatu vya mtoto amevifungua kamba,
maana vilimbana tangu asubuhi
na hakuwa amesema.